Stefano wa Kitabuni

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa watu waliokuwepo, basi ngoja niwataje kwanza, kila mmoja na ukoo wake, usije ukapotea njiani. Alikuwepo mama yangu, Mbithe, mwenye boma. Alikuwepo shangazi yangu Syombua, dada ya baba, mjane aliyerudi kwao, mpenda ugoro. Alikuwepo Ndinda, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mke wa dereva wa lori, na mimba yake ilikuwa imeshaanza kuonekana. Alikuwepo Nzilani, mke wa kaka yangu Mutinda, bibi harusi wa juzi tu, kutoka upande wa Makueni. Nilikuwepo mimi, Mwikali, msichana wa nyumbani ambaye hajaolewa, na shule niliiacha nikiwa darasa la tatu. Na kando kidogo, karibu na ghala, alikuwepo baba, akichonga mzinga wa nyuki kwa tezo. Sisi watoto tulimwita baba, na watu wengine wote walimwita Baba Mutinda. Jina lake la ubatizo lilisikika kanisani tu.

Hapo ni Matinyani, kwetu Ukambani, miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Siku ilikuwa Jumatano, saa ya jua kulegea, wakati wanawake walipokutana nyuma ya jikoni kwa mama kusuka viondo. Wewe umezaliwa ukikuta viondo vya nyuzi za dukani. Sisi katani tuliipasua wenyewe, tukaisokota pajani mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kazi hiyo inashika mikono lakini inaacha masikio bure, na masikio yaliyo bure, mwanangu, ni hatari. Yatajazwa na chochote kinachopita.

Zamani yalijazwa na umbeya. Alipokuja Nzilani yakajazwa na vitabu.

Yeye alikuwa amemaliza darasa la saba. Kaka yangu Mutinda alifanya kazi ya kujaza mafuta magari Mtito Andei, na pale wasafiri hulala usiku mmoja wakaondoka, wakisahau kofia, wakisahau miswaki, wakisahau vitabu. Wenye nyumba za wageni walimwachia Mutinda vile vitabu, naye kila alipokuja nyumbani alimletea mkewe. Mume mwingine huleta kitenge. Shangazi alisema hiyo ndiyo sababu Nzilani alikuwa mwembamba, ameolewa na karatasi.

Mama ndiye aliyeanzisha mpango. Alimwambia Nzilani atusomee kwa sauti sisi tukisuka. Lakini anayesoma hasuki, na kiondo chake kingebaki nyuma ya vingine siku ya soko. Basi tukakubaliana kwamba kiondo cha Nzilani kitazunguka. Kila mwanamke akikipokea anamsukia mzunguko mmoja, halafu anampa wa pembeni yake. Kiondo kile kilikuwa na mikono yetu sote. Ukikitazama vizuri ungejua wapi alipita mama, maana mzunguko wake ulikuwa laini, na wapi alipita shangazi, maana palikuwa na ugoro.

Sasa nikuambie habari ya vitabu vyenyewe.

Cha kwanza ninachokikumbuka kilikuwa cha mpelelezi. Mtu wa mjini, mwenye koti refu, anavuta sigara kila ukurasa, na kila anapoingia nyumba anakuta maiti. Wenzangu walimpenda. Mimi sikumwamini. Kitabu kizima hali chakula wala hafui hilo koti, na hana mtu wa kumwuliza umelala wapi. Mtu wa namna hiyo kijijini tungemwita mchawi. Shangazi alikuwa na mashaka makubwa kuliko yangu. Alisema, "Mbona maiti zote yeye ndiye wa kwanza kuziona? Mkamateni huyo huyo." Mpaka kitabu kikaisha na mwuaji akapatikana kuwa mtu wa benki, shangazi hakukubali. Alisema yule wa benki amesingiziwa.

Kingine kilikuwa cha binti aliyelazimishwa kuolewa na mzee tajiri, akakimbia, akajitupa mtoni. Hapo Nzilani alisoma huku sauti ikikatika, na sisi tukafuta machozi kwa mikono yenye katani, macho yakatuwasha siku nzima. Mama hakulia. Aliuliza swali moja tu: mama wa huyo binti alikuwa wapi? Tukarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Alikuwepo, lakini hasemi neno, anapika tu. Mama akasema mtu aliyeandika kitabu hiki hakuwahi kukaa jikoni, kwa sababu jikoni hakuna mwanamke anayepika kimya binti yake akiuzwa.

Kikaja kimoja cha pwani, Kiswahili chake kigumu kama mahindi ya muthokoi yasiyoiva. Nzilani alikuwa akifika kwenye neno zito anapunguza mwendo, kisha anaruka. Mimi nilimwona akiruka. Nilijisemea moyoni, huyu wifi yangu anatuonjesha tu, mengine anameza. Humo mlikuwa na mama wa kambo anayetia dawa kwenye uji. Ndinda alikasirika. Yeye alilelewa na mama wa kambo aliyembeba mgongoni kwa ugonjwa wa surua kutoka kwao mpaka hospitali ya Kitui, njia yote. Akasema, "Hawa waandishi kila mama wa kambo ni nyoka. Wanaigana." Hakutaka kitabu kile kiendelee, na hakikuendelea.

Na kimoja kilikuwa kimeng'olewa kurasa za mwisho, bila shaka na mtu aliyekosa karatasi ya kusokotea tumbaku. Kiliishia mahali mtu anabisha hodi usiku na mwanamke wa ndani anasimama. Basi. Tuligombana wiki nzima. Shangazi alisema ni mume amerudi kutoka vitani. Ndinda alisema ni polisi. Mimi nilisema hakuna mtu, ni upepo, na mwandishi alikuwa anatuchezea. Mpaka leo, mwanangu, nikisikia hodi usiku nakumbuka yule mwanamke, na sijui kama alifungua.

Unaona nilivyokuwa. Kila kitabu nilikikaribisha kama mgeni asiyesema anakotoka. Nilikuwa nikijiuliza, huyu mwandishi alijuaje mambo aliyowaza binti akiwa peke yake chumbani? Nani alimwambia? Na kama hakuambiwa na mtu, mbona anasema kwa uhakika hivyo? Walisema mimi nina roho ya shaka tangu utotoni. Ni kweli, na sijaomba itoke. Lakini shaka, mwanangu, ni kama panga, linafyeka magugu na linafyeka mahindi, na lenyewe halijui tofauti. Anayejua ni mkono.

Kikaja basi kile kitabu cha Mtito Andei.

Nasema cha Mtito Andei kwa sababu Mutinda alikipata huko kama vingine, lakini safari hii hadithi yenyewe ilikuwa ya huko huko, au mahali panapofanana nako mno. Barabara kuu, malori yamepangana, hoteli za nyama choma, vumbi. Nzilani alifungua ukurasa wa kwanza akaanza vizuri, kuna dereva wa lori, ana mke kijijini mwenye mimba, na jina lake... hapo akakwama. Akakohoa. Akainua macho upande wa ghala, baba alikokuwa akigonga mzinga wake, akayarudisha haraka kwenye ukurasa. Kisha akasema, "Stefano." Akaendelea.

Mimi niliuona ule mkwamo. Niliuweka.

Stefano wa kitabuni alikuwa na nyumba ya pili kando ya barabara. Alikuwa akimwambia mkewe wa kijijini kwamba lori limeharibika, kumbe halijaharibika kitu. Alimnunulia yule wa barabarani redio. Tulisuka tukiguna. Shangazi akatoa laana mbili tatu. Ndinda peke yake hakuguna. Nilimtazama, vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya katani.

Maana mume wake Ndinda, yule tuliyemwita sote Baba Kilonzo kwa jina la mtoto wao wa kwanza, alikuwa dereva wa lori. Lori lake lililala Mtito Andei kila safari ya Mombasa. Na jina lake alilobatizwa ni Stefano.

Ndinda alinyanyuka kabla ya wengine, akasema mtoto anamlilia nyumbani. Jumatano iliyofuata hakuja. Jumatatu mama akanituma nikamwone, nikampelekea maziwa ya mgando kwenye kibuyu kidogo. Nilimkuta amekaa mlangoni, na nyuma yake, juu ya kitanda, nguo zimefungwa kwenye leso, na sufuria zimefungwa kwenye gunia. Mtu anayefua hafungi sufuria.

Hakunificha. Alisema mumewe anafika Jumamosi, na yeye hatamkuta. Ijumaa anapanda basi kurudi kwao, na mtoto wa tumboni atazaliwa kwa babu yake. Nikamwambia ni hadithi tu. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. Akanieleza hesabu yake, nayo ilikuwa imenyooka: Mutinda anajaza mafuta malori yote pale, anaona nani analala wapi. Mutinda amemwambia mkewe. Mkewe hawezi kuja kuniambia uso kwa uso, ataonekana mchonganishi. Basi ameniambia kupitia kitabu, mbele ya watu, ili nisikie bila yeye kusema. Sisi Wakamba tunajua kusema bila kusema, si ni kweli? Akamaliza kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

"Wewe ulikaa darasani," akaniambia. "Niangalizie hicho kitabu. Kama jina hilo limo, nitasema ni bahati mbaya. Kama halimo, nimejua."

Ungefanya nini, mwanangu? Nilikwenda. Kitabu kilikuwa dirishani kwa Nzilani, hakikufichwa. Yeye alikuwa mtoni. Kusoma kwangu kulikuwa kwa kidole, silabi moja moja, kama kuku anayedonoa, kwa hiyo sikusoma hadithi. Nilitafuta S kubwa. Niliijua S, iko kwenye chumvi ya pakiti na kwenye sabuni. Nikaitafuta ukurasa wa kwanza, nikatafuta wa pili, nikatafuta pale penye redio. Kulikuwa na S za kuanzia "Siku" na za kuanzia "Sasa". Stefano hakuwepo hata mara moja.

Nisiwe mwongo, nilifurahi kidogo. Wifi na wifi, unajua. Alikuwa mzuri, alikuwa msomi, kaka yangu alikuwa hasikii neno la mtu isipokuwa lake. Na hapo nilikuwa nimemshika.

Jumatano ile sasa ndiyo siku niliyoianza. Ndinda alikuja, kwa sababu nilimwita. Hakuleta kazi yake. Nzilani alipotoka na kitabu, nilikichukua mkononi mwake nikakifungua mapajani. Nikasema mbele ya wote kwamba nimetafuta jina la Stefano kitabu kizima na halimo. Wifi yetu amelitia yeye. Aseme amelitoa wapi.

Tezo la baba liligonga, likagonga, likanyamaza. Baba hakutuangalia, lakini alikuwa hatua chache tu, na masikio ya mzee si ya kuuliza.

Nzilani aliangalia chini. Nikamwuliza tena. Akakunja ncha ya leso, akaikunjua, akaikunja. Shangazi Syombua akagonga kikopo chake cha ugoro, akasema, "Mke wetu, mdomo unaosoma kurasa zote hizo umeshindwa na neno moja?" Nzilani akatazama tena upande wa ghala, machozi yakamshuka, na hakusema kitu. Ndinda akasimama. Alisema kwa sauti ya chini sana, "Asante, imetosha. Kimya ni jibu." Akaanza kuondoka, mkono mmoja kiunoni jinsi wajawazito wanavyotembea.

Mama yangu alikuwa na kiondo cha Nzilani mikononi, zamu ilikuwa yake. Hakukiweka chini. Habari ya basi nilikuwa nimemwambia. Alisema tu, "Ndinda, mwanangu, safari yako ni Ijumaa. Leo ni Jumatano. Kaa." Ndinda hakukaa, lakini alisimama. Kisha mama akanigeukia mimi.

"Mwikali, umesema umemtafuta Stefano."

"Ndiyo, mwaitu," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Hayumo."

"Hayumo."

"Umetafuta asiyekuwepo. Na aliyepo, umemtafuta?"

Sikuelewa. Mama akasema huyo dereva lazima ana jina, mwandishi hawezi kumwacha mtu kitabu kizima bila jina kama mbwa wa kuokota. Basi nisome, hapo penye jina, nisome kilichopo.

Niliweka kidole. De-re-va hu-yo a-li-i-twa. Nikapumzika. "Ya," nikasema. "Ko." Nikarudia, "Ya-ko. Bo."

Kule kwenye ghala baba akainua kichwa. "Nani ananiita?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu.

Wewe wa siku hizi nikufafanulie. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni, heshima yenye aibu ndani yake. Mke hatamki jina la baba mkwe wake. Hata akilia, hata akiota. Akilikuta kwenye Biblia wakati wa ibada, anapunguza sauti au analipita. Akitaka kumtaja mtu mwingine mwenye jina kama hilo, anamtafutia jina jingine. Baba yangu ni Yakobo. Nzilani alikuwa amefika ukurasa wa kwanza wa kitabu akamkuta baba mkwe wake ni dereva wa lori, mlaghai, mwenye mwanamke kando ya barabara, na mwenyewe ameketi pale na tezo lake. Angefanyaje? Na sisi tulipomdai aeleze, angeeleza vipi mzee akisikia? Hata kusema "ni jina ninalolikwepa" mbele yake kungekuwa kumtaja.

Na mimi sikuliwaza. Mimi ni binti wa Yakobo, jina la baba yangu nimelinywa na maziwa, sikuwahi kulizunguka hata siku moja. Asiyebeba mzigo hajui unapouma.

Shangazi ndiye aliyemjibu baba. Alimwambia ndugu yake aendelee na mzinga, ni kwamba tu tumegundua ana lori.

"Lori?" akasema baba.

"Na mwanamke Mtito Andei."

Baba alipuliza vumbi la mti kutoka kwenye tezo. "Basi anitumie nauli," akasema, "mimi huko sijawahi kufika." Akaendelea kugonga.

Tulicheka mpaka mama akaweka kiondo chini. Nzilani alikuwa amejifunika uso kwa leso, na mabega yake yalikuwa yakitikisika, na sikujua kama ni kilio au kicheko. Baba alipokwenda kunywesha mbuzi, ndipo Nzilani aliposema. Jumapili kabla ya kuanza kitabu kile mchungaji alikuwa amesoma habari za Stefano aliyepigwa mawe. Jina lilikuwa karibu na ulimi, akalichukua. Akamgeukia Ndinda. "Dada, mimi namjua Baba Kilonzo. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia anaitwa nani. Ningejuaje?"

Na ni kweli, nani angemwambia? Sisi wenyewe tulikuwa tumelisahau mpaka lilipochoma.

Ndinda hakuomba msamaha. Alikuja akaketi mahali pake. Akanyoosha mkono kwa mama, mama akampa kile kiondo cha Nzilani, kilichokuwa kimekaa wiki mbili bila mzunguko wake. Akachagua nyuzi. Akasuka mzunguko mmoja kuanzia mwanzo mpaka ulipokutana, akiuvuta kwa nguvu kila tundu, na sisi sote tukamngoja. Alipomaliza akamwambia Nzilani, "Soma. Lakini huyo mwanamume mpe jina la mtu wa mbali." Nzilani akampa jina la mfalme wa Babeli, na hadithi ikaendelea.

Ijumaa basi lilipita bila Ndinda. Jumamosi lori lilifika. Mama alikuwa amemwambia jambo moja walipoagana kijitoni, nami nilikuwa nyuma yao nikalisikia: usimwulize kwa kitabu, mwulize kwa mdomo wako. Alimwuliza. Mumewe alimjibu nini, sikuambiwa. Ninachojua ni kwamba kabla mtoto hajazaliwa yule bwana aliacha safari za Mombasa, akawa anaendesha za Machakos na kurudi, na akawa analala nyumbani. Sababu ya kuacha? Mwanangu, mimi roho yangu ya shaka unaijua. Lakini nyumba ile ilisimama, watoto wakasoma, na mimi sikuuliza. Kuna mlango ambao ukishaona umefungwa vizuri, huendi kuchungulia tunduni.

Mimi nami niliolewa. Baba mkwe wangu alikuwa na jina la nabii mmoja wa Biblia, na silitaji hata sasa ninapoandika, ingawa amelala kaburini miaka mingi. Ndipo nilipojua uzito uliokuwa kwenye koo la Nzilani siku ile. Watoto wangu wakienda shule nikawa nawasomea vitabu vyao usiku nikiwaandalia chakula, na nikifika kwenye jina lile nasema "yule nabii wa samaki". Walinicheka. Waliambiwa darasani mama yao hajui kusoma vizuri. Sikuwaeleza mpaka walipokuwa wakubwa.

Vitabu sikuviacha. Miaka ya themanini binti yangu mkubwa alikuwa sekondari, akaleta kimoja cha karani anayekula rushwa mjini. Ofisi ile niliiamini, hata harufu ya mafaili niliisikia. Ila sekretari wa mle ndani sikumwamini, alikuwa akicheka kila anapoguswa, na mimi sijamwona mwanamke wa hivyo. Miaka mingi baadaye mjukuu wangu aliniletea kimoja kilichotafsiriwa kutoka nchi ya baridi. Theluji, chai, watu wameketi chumba kimoja sura nzima, na hakuna anayesema analotaka. Kila mtu anazunguka. Binti yangu alikiita kitabu cha usingizi. Mimi nilikisoma mara mbili kwa kidole changu. Nilijisemea, hawa nao wana nthoni, hawajui tu jina lake. Hicho nilikiamini kidogo. Kidogo.

Kiondo cha Nzilani alinipa mwenyewe nilipoolewa. Bado ninacho. Karibu na mdomo kuna mzunguko mmoja umekazwa kuliko mingine yote, ukipitisha kidole unausikia kama kovu. Hapo ndipo Ndinda alipokaa chini.

Basi nasaha yangu, mwanangu, na nisiizungushe. Hadithi ishuku. Ishuku sana, iulize maswali, iulize mama yuko wapi na huyo mpelelezi anakula nini, haitakasirika, iliandikwa ivumilie. Lakini binadamu usimshuku kwa sababu ya hadithi, awe mume, awe wifi, awe jirani. Binadamu mwulize. Na ukimwuliza akanyamaza, usikimbilie kusema kimya ni jibu. Tazama kwanza ni nani aliyeketi karibu anayemfanya ashindwe kusema, umtoe mbali na masikio hayo, kisha umwulize tena polepole. Na ukitafuta kitu katika maneno ya mtu usikipate, usisimame hapo ukipiga kelele. Tafuta kilichopo.

Mungu akupe macho ya kusoma na subira ya kumaliza ukurasa. Akupe wifi asiyekuogopa, na mkwe utakayelikwepa jina lake kwa mapenzi na si kwa hofu. Kiondo chako kipite mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja akuongezee mzunguko, na ule uliokazwa kwa hasira uwe ndio unaoshika mingine isifumuke.

Na kama yupo anayesoma haya, mtoto wa Ndinda au mjukuu wa Nzilani, akaona nimekosea, aje anisahihishe. Majina nina hakika nayo yote. Labda ile Jumatano ilikuwa Alhamisi. Labda maziwa niliyapeleka kwa chupa, si kwa kibuyu. Njooni mniambie, lakini mje wenyewe, kwa midomo yenu. Msinitumie kitabu.